Ballarò: Vidokezo 13 vya Kuingia Soko Kongwe la Palermo na Kutoka Umeshiba

Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sicily kusini mwa Italia, una masoko matatu ya chakula yenye sifa: Ballarò, Capo na Vucciria. Kongwe kati yao ni Ballarò. Mizizi yake inarudi hadi zama za utawala wa Waarabu, walioutwaa mji mwaka 831 na kuushika mpaka Wanormani walipouteka mwaka 1072. Wageni wengi siku hizi hulipitia wakiwa wameinua simu juu. Wanapiga picha za samaki na biringanya, kisha wanakwenda kukaa mgahawani wakidhani wameliona soko. Bado. Soko haliangaliwi, linanunuliwa. Hata ukinunua limau moja tu, muuzaji atakutazama kwa jicho jingine. Fuata vidokezo hivi uingie kama mteja, si kama mtazamaji.

1. Chagua soko kwa saa

Kwa jina, Vucciria ndilo kubwa. Mchoraji Renato Guttuso alilichora mwaka 1974 kwenye turubai kubwa lililosheheni nyama, samaki, jibini na matunda, hata watu waliomo hawana pa kupita. Wenyeji walikuwa na msemo: jambo lisilowezekana litatokea siku mawe ya Vucciria yatakapokauka, maana barafu ya wauza samaki ilikuwa ikiyalowesha kutwa kucha. Sisi tungesema punda akiota pembe. Basi punda ameota pembe. Wauzaji wengi wamekwisha kuondoka na mawe yamekauka. Siku hizi Vucciria huchangamka usiku kwa vijana, muziki na majiko ya kuchomea nyama.

Kwa hiyo asubuhi nenda Ballarò, au Capo ambalo linaanzia lango la Porta Carini. Vucciria iache hadi giza liingie. Na ukitaka kuuona mchoro wa Guttuso wenyewe, umetundikwa Palazzo Steri, mwendo mfupi kutoka hapo.

2. Nenda mapema, nenda na njaa

Kutoka stesheni kuu ya treni, Palermo Centrale, hadi Ballarò ni kama dakika kumi kwa miguu. Soko limejinyoosha katika mtaa wa Albergheria, kutoka karibu na kanisa la Casa Professa hadi barabara ya Corso Tukory. Saa mbili asubuhi meza zimeshapangwa na samaki bado wanang'aa. Saa tatu hadi saa tano ndio wakati mtamu: akina mama wa mtaani wako kwenye manunuzi, mafuta ya kukaangia yameshapata moto, na makundi ya watalii hayajafika. Alasiri vitu vinapungua, na Jumapili wauzaji wengi hufunga mapema.

Hotelini usinywe zaidi ya kahawa. Ukifika na tumbo lililojaa mkate na siagi, utapita mbele ya vyakula kumi na tano huna pa kuvitia.

3. Vaa viatu vya kufunika vidole

Chini pana maji ya barafu, magamba ya samaki na majani ya kabichi. Juu ya hayo, pikipiki hupita katikati ya watu bila aibu. Ukisikia honi nyuma yako, sogea upande mmoja na ubaki hapo. Ukirukaruka ndipo utagongwa. Pochi iwe mfuko wa mbele, na begi la mgongoni livae kifuani, kama ambavyo ungefanya Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu.

4. Sikiliza kwanza

Wauzaji wa Palermo hawaiti wateja, wanawaimbia. Mwito huo huitwa abbanniata, na kila mmoja ana sauti, mahadhi na mbwembwe zake. Mmoja anasifu nyanya zake kama anavyosifiwa bibi harusi, wa ng'ambo anamjibu kwa kejeli, na bei inatajwa mwishoni kabisa, kwa mkato, kama ni jambo dogo.

Mwito maarufu kuliko yote ni wa wauza sfincione, mkate mnene laini wenye mchuzi wa nyanya, vitunguu, dagaa wa chumvi na jibini la caciocavallo. Huuzwa kwenye gari dogo la magurudumu matatu lenye kipaza sauti, na muuzaji hujinadi kwamba bidhaa yake ina upungufu wa mafuta na imejaa vumbi. Watu wanacheka, wanapanga foleni. Panga nawe. Sauti inayovuta wanunuzi wenyeji ndiyo ya kuifuata, kwa sababu wao wanamjua muuzaji tangu ujana wake na hawadanganyiki kwa mbwembwe.

5. Mikono yako iwe mbali na nyanya

Kwetu mtu huminya embe, hunusa papai, hugonga tikiti maji na kulisikiliza. Kwenye masoko ya Italia, anayechagua ni muuzaji. Ukianza kubonyeza matunda yake utakemewa, na huenda mbele za watu. Onyesha kwa kidole, sema unataka kiasi gani, kisha mwambie unakula lini. Neno "oggi" ni leo, "domani" ni kesho. Atakupa lililoiva la leo au gumu kidogo la kesho. Ukimwachia kazi yake atakuchagulia vizuri, maana anajua jirani zake wote wanatazama.

Wanaongojea huduma mara nyingi hawasimami kwenye mstari ulionyooka, lakini kila mmoja anajua zamu yake. Ukifika, uliza "chi è l'ultimo?", yaani nani wa mwisho. Mtu atainua mkono. Wewe unafuata baada yake.

6. Soma bei mpaka mwisho

Vitu vizito huuzwa kwa kilo, lakini jibini, zeituni na nyama za kukatwa vipande vyembamba mara nyingi hutajiwa bei kwa "etto", yaani gramu 100. Ukiona jibini la euro 3 ukafurahi, angalia vizuri: pengine kilo yake ni euro 30. Kwa mtu mmoja etto moja la zeituni au jibini linatosha kwa mlo. Ukiona muuzaji anaendelea kujaza, sema "basta così", inatosha.

Beba sarafu na noti ndogo. Kadi hupokelewa na baadhi tu, na kumpa mtu noti ya euro 50 kwa ndimu tatu ni kumtafutia kazi. Kupatana bei ya chakula si desturi kubwa. Ukinunua vitu vingi kwa mtu mmoja, utaona kitunguu saumu au fungu la majani ya mchuzi limedondokea mfukoni mwako bila kuomba. Hiyo ndiyo nyongeza yako.

7. Fungua kinywa na panelle

Hiki ndicho chakula cha kwanza kumpa mgeni. Mpishi hupika unga wa dengu kwa maji na chumvi mpaka uwe uji mzito, anautandaza upoe na kuganda, kisha anaukata vipande vyembamba. Ukisimama karibu na karai utaona vizuri: vipande vinatumbukizwa vikiwa vimelegea, vinazama, vinapanda juu vikiwa vimevimba, na pembeni vinaanza kushika rangi ya dhahabu. Anaviopoa kwa kijiko cha matundu, anapachika vitano au sita ndani ya mkate wa ufuta, ananyunyiza chumvi na kukamulia limau. Aliyekulia bajia za dengu hatahitaji kuelezwa zaidi, ila asitafute pilipili.

Omba pia cazzilli, vidonge vya viazi vilivyopondwa na kukaangwa. Wenyeji huviweka pamoja na panelle ndani ya mkate uleule. Ni mlo wa euro chache unaokufikisha mchana.

8. Usiyekula nguruwe, uliza kabla

Mafuta ya nguruwe, kwa Kiitaliano "strutto", yamejificha kwenye vyakula vingi vya Sicily ambavyo kwa macho havina nyama kabisa. Gamba la cannolo, kile kitamutamu kilichojazwa jibini laini la ricotta, kwa kawaida hukandwa kwa strutto na mvinyo wa Marsala. Arancina, donge la wali wa zafarani lililokaangwa, huja kwa aina mbili kuu: ya "burro", ambayo ndani ina jibini na nyama ya nguruwe iliyopikwa, na ya nyama ya kusaga, ambayo mara nyingi huchanganya ng'ombe na nguruwe. Sentensi mbili zitakuokoa: "C'è il maiale?", kuna nguruwe? Na "C'è lo strutto?", kuna mafuta yake?

Vya kuanzia bila wasiwasi mkubwa ni matunda, zeituni, samaki, pweza wa kuchemsha na panelle. Hata hivyo, kwenye panelle uliza karai lile lile linakaanga nini kingine. Kwa utamu, kuna frutta martorana, matunda ya kuigiza yaliyofinyangwa kwa lozi na sukari, na granita ya limau au lozi. Kwenye vichochoro vya pembeni mwa soko, mahali penye maduka ya wahamiaji, utakuta pia bucha zenye alama ya halali.

9. Ukiwa na moyo, nenda kwenye matumbo

Palermo ni mji usiotupa kitu cha mnyama. Mkate wake maarufu zaidi, pani ca meusa, una bandama na mapafu ya ndama vilivyochemshwa, vikakatwa vipande vyembamba na kupitishwa kwenye mafuta ya nguruwe. Utaulizwa unautaka "schietta" au "maritata". Wa kwanza ni mseja, una limau tu. Wa pili ameoa, yaani ameongezewa jibini. Inasimuliwa kwamba chakula hiki kilianzia kwa wachinjaji wa Kiyahudi, ambao badala ya fedha walilipwa matumbo ya mnyama, wakayageuza biashara. Wayahudi walifukuzwa Sicily kwa amri ya mwaka 1492, lakini mkate ulibaki.

Ukiona moshi mzito unapanda kichochoroni, hiyo ni stigghiola: utumbo wa kondoo uliozungushwa kwenye vitunguu majani na kuchomwa juu ya makaa. Mwenye kupenda utumbo wa kuchoma hatasita.

Halafu kuna frittola, na hii ni ya watu wasiouliza maswali. Ni masalia ya ndama, mafuta na gegedu, yaliyochemshwa na kukaangwa. Muuzaji ameyafunika kwa kitambaa ndani ya kikapu. Anaingiza mkono chini ya kitambaa, anapapasa, anaibuka na konzi moja, anakuwekea kwenye karatasi. Hujaona kilichomo, na hutaonyeshwa. Ukionja umekwisha kujiunga na mtaa.

10. Nunua kitunguu cha kuoka

Mwaka 973 msafiri wa Kiarabu Ibn Hawqal alifika Palermo, akaandika kuhusu misikiti yake mingi, masoko yake na bucha zake. Kuna jambo moja lililomkera sana: watu wa mji walikula vitunguu vibichi kupita kiasi, na yeye aliona ndivyo vilivyowaharibu akili. Zaidi ya miaka elfu moja imepita, na Ballarò bado lina sinia za vitunguu vikubwa vilivyookwa vizima tanurini, maganda meusi, ndani vitamu na laini. Pembeni yake kuna viazi vya kuchemsha vinavyotoa mvuke, maharage mabichi, na kwenye msimu wake atichoki.

Mboga hizi zilizokwisha kupikwa ni za watu wenye haraka: unanunua, unafika nyumbani, unatia mafuta ya zeituni na siki, umemaliza. Mgeni asiye na jiko hapati chakula cha jioni kirahisi zaidi ya hiki. Ibn Hawqal atatusamehe.

11. Fuata msimu, si picha ya mtandaoni

Majira ya baridi ni ya machungwa yenye nyama nyekundu kama damu na shamari nene ya kula mbichi. Majira ya kuchipua huleta atichoki, kisha nduaro, ambaye kichwa chake husimamishwa mezani upanga ukielekea juu ili kila mtu aone ni mbichi. Kiangazi tafuta tenerumi, majani machanga ya mmea wa mung'unye mrefu, ambayo wenyeji huyapika supu na tambi. Anayejua majani ya maboga ataelewa mara moja. Mwisho wa kiangazi yanakuja matunda ya mpungate, na muuzaji huyamenya ili miiba isikufuate hadi hotelini.

Tarehe nazo zina chakula chake. Katikati ya Julai, kwenye sikukuu ya Santa Rosalia, mtakatifu mlinzi wa mji, watu hula konokono wadogo waitwao babbaluci na matikiti maji. Tarehe 13 Desemba, siku ya Santa Lucia, Wapalermo hawagusi mkate wala tambi, kwa kumbukumbu ya njaa ya karne ya 17 inayosimuliwa kuwa iliisha meli ya ngano ilipotia nanga. Usiwaonee huruma, kwani siku hiyo ndipo arancina huliwa kwa malundo.

12. Inua macho, kisha angalia kwenye vioo vya maduka

Kwenye uwanja wa Piazza del Carmine, juu ya miavuli ya wauzaji, limesimama kuba la kanisa la Carmine Maggiore lililofunikwa vigae vya rangi. Kwenye ukuta wa jengo moja la Ballarò kuna picha kubwa ya Benedetto il Moro, mtawa mweusi aliyezaliwa Sicily katika karne ya 16 na wazazi Waafrika waliokuwa watumwa. Alikuwa mpishi wa konventi yake nje kidogo ya mji. Alifariki mwaka 1589, akatangazwa mtakatifu mwaka 1807, na ni mlinzi mwenza wa Palermo. Chini yake leo utasikia lugha za Ghana, Nigeria, Gambia na Bangladesh, na utakuta maduka yenye mihogo, ndizi za kupika na mchele wa magunia. Aliyekaa Ulaya wiki mbili bila ugali anajua thamani ya habari hii.

Kwenye milango ya baadhi ya maduka tafuta kibandiko cha Addiopizzo. Ni harakati iliyoanzishwa na vijana wa Palermo mwaka 2004 kuwaunga mkono wafanyabiashara wanaokataa kulipa pizzo, fedha ambayo mafia hutoza kwa vitisho. Mwaka 2016 wenye maduka wahamiaji wa eneo hili, wengi wao kutoka Bangladesh, waliwaripoti hadharani waliokuwa wakiwatoza, na watu wakakamatwa. Euro zako zikienda kwenye duka la namna hiyo, zimefanya kazi mbili.

13. Beba vikavu, na rudi kwa yuleyule

Vya kusafiri navyo ni vile visivyovuja na visivyooza: origano ya matawi, vitumba vya capperi vilivyohifadhiwa kwa chumvi kutoka kisiwa cha Pantelleria, nyanya zilizokaushwa, lozi na pistachio. Estratto, nyanya iliyokaushwa juani mpaka ikawa udongo mwekundu mzito, ni tamu mno kwenye mchuzi, lakini iweke kwenye begi la kupakiwa, maana kwenye ukaguzi wa begi la mkononi vitu vya aina hiyo hunyang'anywa. Wauzaji wengi wa vikavu wanaweza kukufungia bila hewa. Uliza "sottovuoto".

Na kama una asubuhi mbili Palermo, usitumie ya pili kutafuta meza mpya. Rudi kwa aliyekuuzia jana, umwambie zile nyanya zilikuwaje. Zilikuwa nzuri? Msifu kwa sauti, jirani zake wasikie. Zilikuwa mbovu? Mwambie pia, kwa sauti hiyohiyo. Kwa vyovyote vile leo atachagua kwa makini zaidi, na pengine mfuko utakuwa mzito kuliko mizani ilivyosema.